Viapo Viwili vya Mama Njoki

Sentensi yenyewe katika wasifu wa mazishi ilikuwa fupi, mstari wa nne kutoka juu. Ilisema kwamba wakati wa Hali ya Hatari mama yetu alisimama imara katika imani na hakula kiapo. Shiro, mjukuu wa marehemu Mama Njoki, alinisomea kutoka kwenye simu yake. Tulikuwa sebuleni kwa Njoki, mama yake, pale Kiganjo, saa nane mchana, viti vya kukodi vimepangwa mpaka nje mlangoni, na jikoni wanawake wa kanisa wanakata kabeji na kubishana kuhusu sufuria. "Shosh, uko sawa na hiyo?" Shiro akaniuliza, maana nami huniita bibi. "Mtu wa kuprint anangoja. Hapo chini tumeandika wewe ndio shahidi, kwa sababu wewe ndio mlikuwa na yeye Ruiru." Nilimwambia asubiri. Nikanywa chai, ilikuwa na tangawizi nyingi mno, nikamwambia tena asubiri. Nimepita miaka themanini na katika hiyo yote sijawahi kuapa, si mahakamani, si kanisani, hata kwa mzaha, wala sijaruhusu jina langu likae chini ya neno ninalojua si kweli. Wanangu huniita kichwa ngumu, tena mbele yangu. Lakini siku hiyo haukuwa ukaidi. Katika nyumba ile nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Mama Njoki alikuwa amekula kiapo, na kwamba baadaye, katika asubuhi moja, aliweka mkono juu ya Biblia mara mbili, na mara moja kati ya hizo mbili alisema uongo.

Mwaka huo wa hamsini na nne nilikuwa na miaka kumi na saba na hakuna jambo nililokuwa silijui. Nilikaa na kaka yangu Javani katika shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, ambako yeye aliangalia mashine ya kumenya kahawa. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha laini za wafanyakazi, kuta za mawe na bati juu, tukakigawa kwa blanketi la kijivu: upande wake kitanda na baiskeli, upande wangu mkeka, jiko na kisanduku cha nguo. Mchana bati lilitupika, na asubuhi lilidondosha umande juu ya mkeka wangu. Kila kitu kilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha, hata mrenda niliopika, hata karatasi za barua nilizotuma nyumbani Maragoli. Ndani ya kisanduku nilikuwa na Biblia ya Kiswahili niliyopewa shuleni kwa kusoma vizuri, na kusema kweli niliringa nayo kuliko nguo. Kanisa tulilokulia kule kwetu halibatizi kwa maji na halina mkate wala kikombe. Watu huketi kimya mpaka mmoja wao aguswe moyo aseme. Tena linafundisha kwamba Mkristo haapi, kwa sababu ndiyo yake inatosha na hapana yake inatosha. Watu wa Ruiru walitucheka kwa mambo hayo, wakatuita Wakristo wakavu, na mzaha huo tuliuzoea.

Nilitaka kitu kimoja tu, kuwa mwalimu. Kulikuwa na chuo cha wasichana kilichokubali kunichukua mwaka uliofuata, lakini lazima mkuu wa kanisa la mahali ninapoishi aandike barua ya kunithibitisha. Kwetu sisi mkuu huyo alikuwa Mwalimu Hezroni, mwinjilisti wa kanisa la shambani, mtu mrefu mwenye koti lililofupika mikono, ambaye alinipenda kwa sababu nilimsaidia kufundisha watoto siku ya Jumapili. Alikuwa ameniahidi barua ile mwezi wa tatu. "Hiyo ni kazi ya dakika tano," alisema. Nililala nikiiona ile karatasi, na nilipoamka niliiona tena kabla sijaona kitu kingine.

Huku nikingoja, nilifanya kazi na wanawake kwenye vitanda vya kukaushia kahawa. Ni meza ndefu za waya, nje juani, kahawa imetandazwa juu yake ingali na maji, na wanawake wanasimama pande mbili wakitazamana, wakitoa mbegu mbovu moja moja kwa vidole. Ukisimama hivyo mwaka mzima unamjua aliye mbele yako kuliko ndugu yako. Aliyesimama mbele yangu alikuwa Mama Njoki, mwanamke mfupi, mweupe wa meno, mwenye mtoto mchanga mgongoni na Njoki wa miaka mitatu akichezea maganda chini ya meza. Mumewe alichukuliwa asubuhi moja mapema mwaka huo na hakuna aliyesema alipelekwa wapi. Saa sita tulikaa barazani pa stoo, yeye akafungua mkebe wake wa githeri ya mahindi na maharagwe na mimi viazi vyangu vitamu, tukabadilishana nusu kwa nusu. Halafu wanawake, ambao jina langu Jerida waliligeuza Jelida, wakasema, "Jelida, toa hiyo kitabu yako." Nilisoma kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, na Mama Njoki, ambaye hakujua hata herufi, akageuza kwa Kikikuyu. Aligeuza kwa mikono na uso pia. Mara nyingine nilisoma maneno kumi naye akasema hamsini, na wanawake wakacheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho.

Siku moja tulifika katika mahubiri ya mlimani, pale Yesu anapokataza watu kuapa hata kidogo, kwa mbingu wala kwa nchi wala kwa kichwa cha mtu. Nilisoma kwa sauti ya juu kidogo, maana hicho kilikuwa kifungu chetu, kifungu cha watu wa kwetu, na nilitaka wajue kwamba Wakristo wakavu nao wana lao. Nikasimama ningojee tafsiri. Haikuja. Mama Njoki alikuwa anatazama mkebe wake. Mwanamke mmoja akaanza kufunga leso yake upya, mwingine akasema jua limekuwa kali, na wote wakainuka kurudi kazini kabla kengele haijalia. Mimi nikabaki pale barazani na kitabu wazi, nikijiuliza nimekosea wapi. Nilikuwa nimekaa Ruiru karibu mwaka mzima na bado sikuwa nimeelewa kwamba kwa wale wanawake neno kiapo lilikuwa na maana moja tu, kile cha wapiganaji wa msituni, na kwamba mtu angeweza kupotea kwa sababu yake.

Kesho yake asubuhi alinikuta kwenye mfereji. Aliweka debe chini, akaangalia huku na huku. "Jelida, mimi nilikula," akasema. "Walikuja kutuchukua, tukapelekwa. Wangeniua. Mtoto alikuwa tumboni." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Sasa hiyo kitabu inasema nini kwa mtu alilazimishwa?" Nimelirudia jibu langu mara nyingi tangu siku hiyo, jikoni, kitandani, ndani ya darasa watoto wakiandika. Nilimwambia kwamba haikuandikwa popote kwamba ukilazimishwa si kosa. Nilisema hivyo kwa upole wa mtu aliyeshiba, nikamwambia atubu. Akaniangalia, akasema, "Haya," akajitwika debe lake akaenda. Najionea aibu mpaka leo.

Majuma mawili baadaye Mwalimu Hezroni alitangaza kanisani kwamba meneja wa shamba, Mzungu, ametoa amri. Jumamosi inayokuja kila mfanyakazi, wa kabila lolote, angepita mbele ya meza, aweke mkono juu ya Biblia na kuapa kwamba hajala kiapo cha msituni. Atakayeapa pasi yake ya kukaa shambani itapigwa muhuri. Atakayekataa atapelekwa kituoni. Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwake. Alikaa katika chumba nyuma ya kanisa, kitanda cha kamba, rafu ya vitabu saba, na kwenye meza kopo la maziwa mazito aliyoyapenda kama mtoto. Alinikorogea chai. Nikamwambia sitaapa. Alidhani natania.

"Wewe si hata Mkikuyu," akasema. "Kwako ni kunyoosha mkono tu."

"Mwalimu, unajua imeandikwa nini."

"Najua pia Ibrahimu alimwapisha mtumishi wake. Na Paulo akimwita Mungu awe shahidi, je? Na malaika katika Ufunuo, aliyeinua mkono akaapa?"

"Ibrahimu alitangulia, Yesu akaja baadaye akabadilisha. Malaika ni malaika. Na Paulo hakuwa Yesu."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Paulo hakuwa Yesu! Usije ukasema hivyo mbele ya mchungaji wa misheni, tafadhali." Halafu akawa mtu mzima tena. Alisema Yesu aliwaonya watu wa kuapa ovyo, wale wa sokoni wanaomtaja Mungu ili wauze mbuzi mgonjwa, na kwamba kiapo mbele ya serikali ni kitu kingine. Nikamwambia sikuona soko katika kifungu kile. Akakoroga chai yake. "Jerida," akasema, "unafikiri mimi naipenda Jumamosi hiyo? Nikiikataa, watanipeleka mimi, na hawa watu watabaki na nani wa kuwazika?" Nilikasirika, nikainuka. Aliponisindikiza mlangoni alisema bila kunitazama kwamba asiyeapa hawezi kumwandikia barua. Nilikuwa nimejua tangu nilipokaa kwamba atalisema, na bado liliniuma.

Nyumbani nilijilaza upande wangu wa blanketi. Javani alikuwa nje mlangoni na jirani, hawakujua kwamba nimeingia. "Huyu msichana atanifukuzisha kazi," kaka alikuwa akisema. "Lakini nikimwambia aape, nitamwangalia mama yetu na uso gani? Yeye ndiye aliyetufundisha." Jirani akamwambia aape yeye kwa niaba ya wote wawili. Javani akasema, "Mimi nitaapa. Mimi tayari nimeshaamua. Mungu ataniuliza mimi." Niliposikia hivyo nililia kwa mara ya kwanza mwaka huo, nikiwa nimeziba mdomo kwa leso. Sikubadili nia. Kulia na kubadili nia ni mambo mawili, na hilo nimewafundisha wasichana wengi tangu wakati huo.

Jumamosi kanisa lilijaa kutoka asubuhi. Meza iliwekwa pale mbele, meneja ameketi pembeni na kofia magotini, homugadi wawili, walinzi wa serikali, mlangoni na bunduki, na Mwalimu Hezroni amesimama nyuma ya Biblia ya kanisa, uso wake umekauka. Tulipanga mstari. Javani alipita mapema, akaapa, akatoka bila kunitazama. Mbele yangu alisimama Mama Njoki, mtoto mgongoni, Njoki ameshika sketi yake. Zamu yake ilipofika aliweka mkono wote, kiganja kizima, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote: "Mimi sijala kiapo. Mungu anisaidie." Muhuri ukagonga. Niliona mgongo wake ukishuka kwa pumzi, na ndani yangu nikamhukumu. Nilihesabu makosa yake mawili, la msituni na la hapa, na wakati huo huo nilikuwa nampenda na kumwogopea. Nilikuwa mtoto mwenye Biblia.

Kisha nikaitwa mimi. Nilisimama mbele ya meza na mikono nyuma. "Sijala kiapo chochote," nikasema, "na hiki nacho sitakula." Nilikuwa nimelipanga neno hilo usiku mzima na nililipenda. Lilipotoka, hewa yote ndani ya kanisa iliisha. Mwalimu Hezroni alifumba macho. Meneja akauliza msichana anasema nini, Mwalimu akaanza kumweleza kwa Kiingereza habari za kanisa la kwetu, lakini yule Mzungu alikuwa amesikia kukataa tu, na homugadi mmoja alikuwa tayari ameshika mkono wangu juu ya kiwiko. Sitaki mtu yeyote adhani kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimeganda, na ningalitaka kunyanyua mkono ule nisingaliweza.

"Ngoja!" Mama Njoki alikuwa amefika mlangoni akarudi, mtoto analia mgongoni. Alipita mstari mzima mpaka mezani. "Huyu ni dada ya Javani wa mashine. Mimi nimekaa na yeye kila siku kwa meza ya kahawa. Hiyo dini yao hawaapi, ni hivyo tu, ata kwa harusi hawaapi. Yeye hajala kitu." Mwalimu akageuza kwa Kiingereza, kwa haraka. Meneja akauliza ni nani atakayesimama kwa ajili yangu. Na Mama Njoki, ambaye muhuri wake haujakauka wino, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutembea akaenda zake na watoto wake, akaweka kiganja chake juu ya Biblia mara ya pili. "Naapa kwa ajili yake," akasema. "Jelida hajala kiapo." Meneja alitazama saa yake. Akasema basi, huyu aondoke shambani mwisho wa mwezi, lakini kituoni asipelekwe. Mkono uliokuwa juu ya kiwiko changu ukaachia.

Na sasa niseme nilichomwambia, maana sebuleni kule Kiganjo niliona ni hicho hasa nilichokuwa nakiogopa kuliko ile sentensi ya Shiro. Tulipotoka nje juani, yeye akinyonyesha mtoto huku anatembea ili anyamaze, mimi badala ya asante nilimwambia, "Sikukuomba uape." Akaendelea kutembea. Siku zilizobaki nilibadilisha meza, nikasimama mbele ya mwanamke mwingine, na saa sita nilikula viazi vyangu peke yangu. Nilijiambia kwamba ninailinda kweli. Barua haikuandikwa, chuo kikampa nafasi yangu mwingine, na Javani akanitafutia kazi ya kumenya nanasi katika kiwanda kimoja Thika.

Siku ya kuondoka nilikuwa barabarani na kisanduku changu nikingoja lori la shamba la kwenda Thika. Mama Njoki alikuja na viazi vitamu vimefungwa kwenye jani la mgomba, vingali moto. Akaviweka juu ya kisanduku. "Jelida, nikuulize kitu moja," akasema. "Petero alipokuwa kwa ile moto uani, akaulizwa na msichana, si aliapa kwamba Yesu hamjui?" Nikasema ndiyo, aliapa. "Kwa uoga." Ndiyo, kwa uoga. "Na askari walikuwa pale." Walikuwepo. "Sasa Yesu alipofufuka, akamwita kwa samaki, kando ya maji, alimuuliza juu ya hiyo kiapo?" Nikafikiri. Nilikijua kifungu kile kwa kichwa, nikakipitia neno kwa neno pale barabarani. Hakumuuliza. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, akamwambia awalishe kondoo wake. "Hivyo ndivyo nilisikia kwa kanisa," Mama Njoki akasema. "Wewe ulisoma ile ukurasa moja, ukasimama. Soma mbele." Lori likaja. Nilipanda nyuma na viazi vikiniunguza magoti, na katika njia yote ya kwenda Thika sikuweza kula hata kimoja.

Nikasoma mbele. Imenichukua miaka yangu yote. Nilifundisha Thika, kwanza bila cheti, kisha nacho, na hakuna mwaka niliomfundisha mtoto kifungu kile cha mlimani bila kumfundisha na kile cha samaki. Sijaacha imani ya kwetu. Hata leo siapi, na yeyote anayetaka kuniapisha atajuana na Mungu wangu. Lakini nilikoma kuwahesabia watu makosa. Mama Njoki alihamia Kiganjo, hapo hapo Thika, mumewe aliporudi, tukakaa majirani zaidi ya miaka hamsini, tukabadilishana githeri na viazi kama zamani, tukazikiana waume. Jambo lile hatukuligusa tena. Na asante sikuwahi kuitoa. Nilikuwa nikidhani ipo siku.

Kwa hiyo nilimwita Njoki kutoka jikoni, nikamwambia yote mbele ya binti yake: kiapo cha kwanza, kile cha uongo na kile cha kweli. Alikaa polepole, mikono bado ina maji ya kabeji. Siku hizi wapo wanaojisifu kwa kula kiapo, lakini Njoki ni mama wa kanisa na kwake sifa ile ya mama yake kutokula kiapo ilikuwa kubwa. "Ngai," akasema. "Na mimi nilikuwa nimeshika sketi yake?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa ameishika. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akasema, "Shiro, hiyo laini toa."

Shiro aliifuta, herufi moja baada ya nyingine, akabaki na kidole juu ya simu. "Sasa tuandike nini hapo?"

"Andika kwamba katika Hali ya Hatari aliapa mbele ya watu kwa ajili ya Jerida," nikasema, "na alichoapa kilikuwa kweli. Kisha andika kwamba Jerida anasema asante."

Akaandika, akanisomea. Nikamwambia sasa aweke jina langu hapo chini.